Bunge kama nyumba, Bunge kama mtu: viambishi vya mahali katika lugha ya siasa ya Kifini

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tampere, nchini Ufini, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mchana ninafanya kazi ya usafi, jioni ninasoma Kifini kwa ajili ya YKI, mtihani wa kitaifa wa lugha. Kwa kuwa sasa nina haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa, nimeanza kufuatilia habari za siasa, na hapo ndipo ninapokwama. Darasani tuliambiwa kwamba -ssa ni 'ndani' na -lla ni 'juu'. Lakini gazeti linaandika Suomessa kwa 'nchini Ufini' na Venäjällä kwa 'nchini Urusi'. Je, hiyo ni namna ya kuidharau Urusi? Na bunge ninaliona mara eduskunnassa, mara eduskunnalle, mara eduskunnasta, hata pale ambapo hakuna mtu anayeingia wala kutoka. Wiki iliyopita niliandika sentensi tatu na zote zikapigiwa mstari mwekundu: Hallituksella on neljä puoluetta, SDP jäi oppositiossa, na Minä puhun eduskunnassa, nikitaka kusema kwamba ninazungumza kuhusu bunge. Kuna kanuni, au ni kukariri tu? Na je, nikikosea ninaweza kuwaudhi watu?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa wino mwekundu. Ndani ya swali lako kuna mambo mawili ambayo yamekuchanganya kwa sababu yamekujia pamoja: hofu ya kuudhi watu, na kutojua ni kitu gani hasa kinachoamua kiambishi. Hofu nitaiondoa kwanza, kwa kuwa haichukui maneno mengi, kisha tukae na hilo la pili, ambalo ndilo lenye utamu.

Venäjällä haina dharau wala heshima ndani yake. Wakati wa Muungano wa Kisovyeti, Wafini waliandika Neuvostoliitossa, kwa -ssa, kwa sababu liitto, yaani 'muungano', ni neno linalochukua -ssa. Muungano ulipovunjika mwaka 1991, magazeti yaleyale yakaanza kuandika Venäjällä, kwa sababu jina Venäjä limezoea -lla. Jirani alikuwa palepale, ng'ambo ya mpaka uleule, na kiambishi kilibadilika kwa kufuata neno, si kwa kufuata mapenzi ya mwandishi. Nchi nyingi huchukua -ssa: Ruotsissa ni Uswidi, Keniassa ni Kenya, Tansaniassa ni Tanzania. Kundi la -lla lina visiwa kadhaa, kama Maltalla, Kyproksella, Komoreilla na Sansibarilla, lakini usijenge kanuni juu ya visiwa, maana Iceland ni Islannissa na Cuba ni Kuubassa. Urusi, ambayo si kisiwa, imo katika kundi la -lla kwa mazoea ya lugha tu.

Hata hivyo sikulaumu kwa kushuku. Katika Kirusi kuna mvutano wa kweli juu ya vihusishi viwili, 'na' na 'v', vinavyotumika kusema 'nchini Ukraina', na huko anayechagua kimoja badala ya kingine huweza kuonekana ameonyesha upande wake wa kisiasa. Kifini hakina mvutano huo. Ukraina ni Ukrainassa kwa kila mtu, wa mrengo wa kushoto na wa mrengo wa kulia.

Mfano wa karibu zaidi unao mlangoni kwako. Unaishi Tampereella, kwa -lla, ilhali mwenzako wa Helsinki anaishi Helsingissä na wa Turku anaishi Turussa. Majina ya miji yanayoishia kwa maneno ya mto, kilima au rasi mara nyingi huchukua -lla, kama Seinäjoella, Riihimäellä na Rovaniemellä. Lakini makazi rasmi ya Rais wa Ufini yanaitwa Mäntyniemi, nayo yana niemi ileile ya 'rasi' iliyomo katika Rovaniemi, na bado Mfini husema Mäntyniemessä, kwa -ssa. Kwa hiyo katika majina ya mahali, ndiyo, kuna kukariri. Kituo cha Lugha za Ufini, kinachojulikana kwa kifupi kama Kotus, hueleza jina la kila manispaa linavyonyambuliwa, na kuuliza huko si aibu, kwa sababu Wafini wenyewe huuliza kuhusu miji wasiyoizoea.

Sasa tuje kwenye maneno ya siasa yenyewe, ambako kukariri peke yake kutakuchosha bure.

Uliyoambiwa, kwamba -ssa ni ndani na -lla ni juu, ni kweli kwa kikombe na meza. Tatizo ni kwamba bunge si kikombe na serikali si meza. Ni bora uanze na mifupa ya viambishi hivi. Kifini kina hali 15 za uhusika, yaani maumbo ya nomino yanayoonyesha kazi yake katika sentensi, na sita kati yake ni za mahali. Hizo sita ni safu mbili za tatutatu. Safu ya ndani ina -ssa ya kuwamo, -sta ya kutoka, na ile ya kuingia ambayo hurefusha irabu ya mwisho na kuongeza n, au huchukua -seen au h yenye irabu. Safu ya nje ina -lla ya kuwapo, -lta ya kutoka na -lle ya kuelekea. Angalia herufi: s imo katika safu ya ndani, l imo katika safu ya nje. Wanaisimu wa historia wanaeleza kwamba -ssa ilitokana na 's' pamoja na 'na', na -lla ilitokana na 'l' pamoja na 'na', ambapo 'na' hiyo ilikuwa kiambishi cha kale cha mahali. Masalia yake bado unayatumia kila siku unaposema kotona, 'nyumbani'. Na ni hiyohiyo unayoisikia katika ministerinä, 'akiwa waziri'. Mfini anapotaja cheo ambacho mtu anakishikilia hutumia umbo ambalo zamani lilikuwa la mahali, kana kwamba uwaziri ni sehemu ya kukaa.

Hilo lisikushangaze, kwa sababu sisi pia tunafanya vivyo hivyo. Tunasema mtu ameingia madarakani, yuko madarakani, ameondolewa madarakani. Madaraka hayana mlango wala dari, lakini tumeyatia -ni na kuyafanya mahali. Kifini husema nousta valtaan, olla vallassa na kuondolewa vallasta, na picha ni ileile kabisa: madaraka ni chombo, mtu huingia, hukaa, hutolewa. Tofauti ni wapi mzigo unawekwa. Kwetu -ni ni moja tu, na mwelekeo unabebwa na kitenzi: kuingia, kuwa, kuondolewa. Kama tunataka kusema ni ndani hasa, tunauachia upatanisho kazi hiyo, tukisema bungeni humo badala ya bungeni hapo au huko. Kifini kinapakia yote mawili, mwelekeo na undani, kwenye nomino yenyewe. Ndiyo maana unapolitazama neno moja la Kifini unaona maumbo matatu au sita pale ambapo macho yako yamezoea kuona bungeni moja.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Katika lugha ya siasa ya Kifini, chombo cha dola huonekana kwa sura mbili. Kuna wakati ni nyumba, na kuna wakati ni mtu. Kikiwa nyumba, yaani mahali pa kuingia, kukaa na kutoka, kinachukua safu ya ndani. Kikiwa mtu, yaani mwenye kumiliki, kupokea, kuombwa au kuambiwa, kinachukua safu ya nje. Mbunge anakaa eduskunnassa, anachaguliwa kuingia eduskuntaan, anatoka eduskunnasta. Hiyo ni nyumba. Serikali inatoa pendekezo eduskunnalle, na eduskunnalla kuna mamlaka ya kulikataa. Huyo ni mtu. Kiswahili pia kinatenganisha sura hizo: tunasema muswada umewasilishwa bungeni, lakini Serikali imeliomba Bunge, tunasema amekwenda wizarani, lakini madaraka yanatoka kwa wananchi, na hakuna Mswahili anayesema wananchini. Ile kwa yetu ya watu na ile -ni yetu ya mahali ndizo zitakazokusaidia kuamua kati ya l na s.

Chukua kichwa cha muswada wa serikali wa kubadilisha sheria nchini Ufini. Huanza hivi: Hallituksen esitys eduskunnalle laiksi, kisha hufuata jina la sheria na neno muuttamisesta. Tukilifungua neno kwa neno, ni pendekezo la serikali, kwa Bunge, ili liwe sheria, kuhusu kubadilisha sheria fulani. Eduskunnalle ina l kwa sababu Bunge hapa ni mpokeaji, kama mtu anayekabidhiwa barua mkononi. Baada ya kukabidhiwa, gazeti la kesho yake litaandika kwamba muswada uko eduskunnassa, kwa sababu sasa umeingia nyumbani. Kisha utapelekwa valiokuntaan, kwenye kamati, na kurudi kutoka valiokunnasta. Muswada mmoja, na viambishi vinne tofauti, bila mtu yeyote kukosea.

Au chukua Katiba ya Ufini iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2000. Kifungu chake cha pili kinaanza: Valtiovalta Suomessa kuuluu kansalle, jota edustaa valtiopäiville kokoontunut eduskunta. Maana yake ni kwamba mamlaka ya dola nchini Ufini ni ya wananchi, wanaowakilishwa na Bunge lililokutanika katika kikao chake. Suomessa ni nchi kama chombo, safu ya ndani. Kansalle ni wananchi kama wenye mali, safu ya nje. Valtiopäiville ni safu ya nje pia, kwa sababu neno hilo limejengwa juu ya päivät, 'siku', na tukio lililopewa jina la siku huchukua l; ndiyo maana kitabu cha historia kitakuambia kilichotokea Porvoon valtiopäivillä mwaka 1809, na ndiyo maana maswali kwa mawaziri siku ya Alhamisi huulizwa kyselytunnilla, kwa kuwa tunti ni 'saa'.

Kitenzi kuulua kilichomo katika kifungu hicho kinafaa kuangaliwa peke yake. Kikifuatwa na -lle, kinasema kitu ni mali ya mtu: mamlaka kuuluu kansalle. Kikifuatwa na umbo la kuingia la safu ya ndani, kinasema mtu au nchi ni mwanachama: mwenzako kuuluu puolueeseen, yumo katika chama, Ufini kuuluu Natoon tangu tarehe 4 Aprili 2023, na EU:hun tangu mwaka 1995. Kitenzi ni kimoja, nacho hakikuambii kama tunazungumzia umiliki au uanachama. Anayekuambia ni kiambishi.

Sasa tunaweza kurudi kwenye daftari lako.

Sentensi ya kwanza, Hallituksella on neljä puoluetta, haina kosa la sarufi hata moja. Kosa lake ni maana. Kifini hakina kitenzi cha 'kuwa na'. Kinasema 'kwa fulani kuna', na hiyo 'kwa fulani' ni -lla. Kwa hiyo uliyoandika ni kwamba serikali inamiliki vyama vinne, kama mtu anavyomiliki baiskeli nne. Ulichotaka kusema ni kwamba ndani ya serikali mna vyama vinne, jambo ambalo ni kweli kwa serikali iliyoundwa Juni 2023: Hallituksessa on neljä puoluetta. Lakini Hallituksella on enemmistö, 'serikali ina wingi wa kura', ni sahihi kwa l, maana wingi wa kura ni kitu cha kumilikiwa. Tumia jaribio hili: kama Kiswahili chako kinasema 'serikali ina', andika hallituksella, kama kinasema 'serikalini mna', andika hallituksessa. Sijui darasa lolote la Kifini linaloweza kukupa jaribio jepesi kama hilo, na wewe ulizaliwa nalo.

Sentensi ya pili, SDP jäi oppositiossa, ambayo ulitaka iseme kwamba SDP, chama cha demokrasia ya kijamii, kilibaki upinzani, ni mtego uliomnasa kila mwanafunzi wangu, hata waliofika mbali. Sisi tunapofikiria kubaki, tunafikiria kutulia mahali. Kwa hiyo unatafuta umbo la kuwamo. Mfini anapotumia kitenzi jäädä anaona mwendo: mambo yamekwenda, yamefika mwisho, na mtu ameangukia mahali fulani akaachwa hapo. Kwa hiyo jäädä hudai umbo la kuingia: SDP jäi oppositioon. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2023 maneno hayo yalikuwa ya kawaida katika habari. Ukitaka kusema 'kubaki' kwa maana ya kuendelea kukaa bila kutikisika, kuna kitenzi kingine, pysyä, ambacho huchukua umbo ulilolitarajia: pysyä hallituksessa, kuendelea kuwamo serikalini. Vitenzi vya kutafuta na kupata vina tabia hiyohiyo, ila kwa upande wa pili. Mfini hatafuti kifungu ndani ya sheria, anakitafuta kutoka katika sheria, laista, kwa sababu anawaza kile kitakachotoka mkononi mwake akishakipata. Na jambo likikubaliwa wakati wa kuunda serikali, linaandikwa kuingia katika mpango wa serikali, hallitusohjelmaan, kisha linasomeka ndani yake, hallitusohjelmassa. Kwa vitenzi hivi jaribio la Kiswahili halitakusaidia. Itakubidi ujifunze kitenzi pamoja na kiambishi chake, kama unavyojifunza nomino pamoja na ngeli yake.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyokupa cheo ambacho hukukiomba, kwa maana Minä puhun eduskunnassa ni maneno ya mbunge aliyesimama kuzungumza. 'Kuhusu' kwa Kifini mara nyingi ni -sta: habari inatoka katika kitu kama maji yanavyotoka kisimani. Puhun eduskunnasta ni ninazungumza kuhusu bunge. Puhun eduskunnalle ni ninalihutubia Bunge. Puhun eduskunnassa ni ninazungumza bungeni. Hii ndiyo sababu uliona eduskunnasta mahali ambapo hakuna mtu aliyetoka. Kilichotoka ni mazungumzo. Vivyo hivyo kura: mnapiga kura juu ya sheria, laista. Na neno muuttamisesta katika kile kichwa cha muswada ni -sta hiyohiyo.

Yapo maneno machache ambayo s na l zimeyagawa na kuyapa maana mbili tofauti, na haya yana ladha ya pekee katika siasa. Vallassa ni madarakani, husemwa juu ya watu na vyama. Vallalla ni 'kutawala' kwa maana ya kuenea, husemwa juu ya fikra: maoni yaliyo vallalla ni maoni yaliyozagaa katika jamii, hata kama wenye maoni hayo hawajawahi kuongoza hata kijiji. Puoli ni 'upande', na kuwa upande wa mtu ni olla jonkun puolella, kwa l. Kutokana na neno hilo Wafini waliunda puolue, 'chama', na chama huingiwa, hukaliwa na kuachwa kwa s: puolueeseen, puolueessa, puolueesta. Unaweza kuwa puolella kwa miaka yote bila kuwa puolueessa, kwa kuwa upande unasimama, chama unakiingia. Mgombea ni mtu aliye ehdolla, na anapotangaza nia anajiweka ehdolle. Neno keskusta, 'katikati', ni jina la chama na pia ni katikati ya mji, kwa hiyo Tampereen keskustassa inaweza kuwa pale unaposhukia basi au ndani ya tawi la chama. Hapo kiambishi hakikusaidii, ni muktadha tu.

Jihadhari pia na meza. Katika taarifa rasmi za Bunge la Tanzania kuna sehemu ya hati zilizowasilishwa mezani, na maana yake ni kwamba zimeletwa mbele ya Bunge. Katika Bunge la Ufini, jambo likiwekwa pöydälle, 'mezani', limeahirishwa hadi kikao kingine. Mswahili anayesoma kumbukumbu za vikao hivyo kwa picha ya kwao atadhani mjadala ndio kwanza umeanza, kumbe umesitishwa.

Nyumba ya Bunge yenyewe itakusaidia kuona s na l kwa macho. Iko Helsinki, kando ya barabara ya Mannerheimintie, ilikamilika mwaka 1931, nayo ina nguzo 14 za mawe mbele yake na ngazi pana zinazoteremka kuelekea barabarani. Wabunge 200 wanakutana eduskuntatalossa, ndani ya jengo. Watu wenye mabango wamekusanyika eduskuntatalolla, penye jengo, na ukitaka kusema hasa walipo, wako portailla, kwenye ngazi. Ukitembelea Helsinki, simama kwenye ngazi hizo uyaseme maneno hayo matatu kwa sauti, ukielekeza mkono. Nimewahi kulifanya hilo na wanafunzi wakati wa baridi kali, na hakuna aliyeuliza tena tofauti ya talossa na talolla.

Kuhusu namna ya kujifunza, nikushauri kwa uaminifu. Majedwali ya hali 15 yana faida moja: yanakuonyesha jinsi shina linavyobadilika. Valta inakuwa vallassa lakini valtaan. Kunta inakuwa kunnassa lakini kuntaan. Hii ni kwa sababu -ssa huifanya silabi iliyo mbele yake kuwa funge, na konsonanti za silabi hiyo hulegea, ilhali umbo la kuingia zamani lilikuwa na silabi moja zaidi, kama valtahan, kwa hiyo konsonanti haikubanwa. Kwetu sisi ambao silabi zetu huishia kwa irabu, jambo hili ni geni, na jedwali linasaidia. Lakini jedwali halitakufundisha kwamba jäädä inataka oppositioon. Hilo utalipata kwa kusikiliza, na ninapendekeza habari za Yle, shirika la utangazaji la umma, za Kifini chepesi, selkosuomeksi, ambazo hutangazwa kwa sentensi fupi na kwa mwendo wa polepole. Sikiliza habari moja, andika maneno matatu ya siasa pamoja na vitenzi vyake, basi. Mitaani utasikia watu wakikata irabu za mwisho, wakisema hallitukses badala ya hallituksessa. Elewa, lakini katika maandishi ya mtihani andika umbo kamili.

Je, utamuudhi mtu? Hapana. Mfini akisikia Tampereessa badala ya Tampereella atajua kwamba bado unajifunza, na atakuelewa. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika kuchagua diwani, kosa la s na l halina madhara.

Mahali ambapo nakuomba usitegemee nguvu zako peke yako ni barua za mamlaka. Mwishoni mwa maamuzi mengi, kwa mfano ya kibali cha kuishi, hufuata maelezo kwamba unaweza kukata rufaa, valittamalla hallinto-oikeuteen. Kitenzi valittaa kinachukua -sta kwa uamuzi unaoulalamikia, päätöksestä, na umbo la kuingia kwa mahakama ya utawala unakoipeleka rufaa. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma viambishi hivyo kinyume, akadhani mahakama ndiyo iliyotoa uamuzi, akarudisha malalamiko yake kwenye ofisi ambayo haikuwa na uwezo wa kuyasikiliza, na siku za rufaa zikawa zinahesabika. Ukipata barua ya namna hiyo, nenda nayo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya umma, oikeusaputoimisto, ukaombe na mkalimani, na uende mapema. Kwa mtihani, mwalimu wako wa jioni anatosha, pamoja na kielikahvila, zile meza za mazungumzo zinazoandaliwa katika maktaba nyingi za umma, ambako unaweza kukaa na Mfini mmoja ukamsomea sentensi zako. Mpelekee zile tatu zilizosahihishwa: Hallituksessa on neljä puoluetta. SDP jäi oppositioon. Minä puhun eduskunnasta. Kisha mwombe akuulize swali juu ya kila moja, umjibu bila kutazama daftari.